Mboga za Arusi ya Alawiya

Jumatatu, 10 Aprili 1961

Jana niliponzwa na ulimi. Bi Mahfoudha, mama wa kijana atakayemuoa binti yangu Alawiya, alivuka daraja la Nyali kuja kwetu Mjambere kupanga mambo ya walima, karamu ya arusi. Akala. Akanywa kahawa. Akachungulia uani, akasema mboga zote zitanunuliwa kisiwani kwao, maana huku kwetu mchangani hakuoti kitu ila minazi na uvivu.

Uvivu! Na mimi nimeketi mbele yake na kanzu ya pasi!

"Mkwe," nikamwambia, "mboga za walima zitatoka hapa hapa. Mabiringani, bamia, nyanya, kabichi. Wallahi usinunue hata jani."

Mke wangu Kuluthum alinikanyaga mguu. Nilidhani ananiunga mkono.

Arusi ni Juni, baada ya Iddi kubwa. Shamba langu kwa sasa lina mchicha na mpilipili mmoja mgonjwa. Si kitu. Kinachonikera ni jirani. Nicanor huyu, mtu wa upande wa ziwani, kazi yake kupakua shehena bandarini, ana mboga za kila aina, na kabichi kubwa kama vilemba. Bi Mahfoudha akiondoka aliziona juu ya ua wa makuti, akauliza ni za nani. Kuluthum akamwambia kweli. Kuna haja gani ya kusema kweli kila unapoulizwa?

Ijumaa, 14 Aprili

Miche nilipata kwa Bwana Shamba. Nikaipanda juzi, mistari minyoofu, nikaimwagilia mwenyewe. Duka langu la vitambaa nililifunga mchana kutwa. Kuluthum asema wateja walikuja wakaondoka. Nikamjibu kwamba mteja wa kweli hurudi.

Leo asubuhi nimetoka baada ya swala ya alfajiri. Msiba! Miche mitano ya biringani imelala chini. Haikung'olewa, haikutafunwa. Imekatwa! Imekatwa sawa sawa na udongo, kama kwa wembe.

Nimefikiri sana. Mnyama hana wembe. Nani ana wembe? Nani ana kisu kirefu cha kukatia kabichi? Na nani aliniuliza juzi, akiwa ameegemea ua, kama nimeishindilia miche vizuri? Alitakia nini kujua?

Barazani wazee walikuwa wakibishana mambo ya mwambao, kama pwani ijitenge au isijitenge na bara. Wakaniuliza mimi niko upande gani. Nikawaambia niko upande wa miche yangu.

Jumapili, 16 Aprili

Nilitandaza jivu kwenye matuta yote jana jioni ili nishike nyayo za mhalifu. Asubuhi miche mingine imekatwa, na jivuni kuna nyayo. Alhamdulillahi! Za ndara, kubwa, mguu wa kulia umepinda nje kidogo. Nikazifuata. Zikazunguka matuta, zikapita kisimani, zikaja mpaka mlangoni pangu.

Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimetandaza jivu hali natembea mbele badala ya kurudi nyuma.

Hata hivyo nilikwenda kwa Nicanor, nikamwomba kwa upole anionyeshe viatu vyake. Akanionyesha. Mabuti ya kazini tu, soli nene kama tairi. Mkewe Philister akanikaribisha chai ya maziwa. Nikainywa nimenuna. Nicanor akaniuliza kama ninataka kununua mabuti.

Niliporudi, Kuluthum alikuwa amechutama kwenye tuta. Alichimbua udongo kwa kidole pale shinani mwa mche uliokufa. Akatoa kiwavi kinene, cha rangi ya kijivu, kimejikunja kama herini. Akachimbua kwenye mche wa pili. Kingine. Asema hawa ndio wakataji, usiku hukata na mchana hulala mchangani.

Nikamwambia hawa wamekuja kuhani msiba tu, baada ya tukio.

Alikwenda akachukua gazeti langu la juzi, ambalo sijalimaliza, akalichana vipande na kuviringishia kila shina kama kola ya shati.

Jumanne, 18 Aprili

Hakuna mche uliokatwa. Nimemwambia kila mtu barazani kuhusu kola zangu za gazeti.

Jumanne, 2 Mei

Mvua imenyesha vizuri, kisha ikakata. Bamia zimefika magotini. Mabiringani yana maua ya zambarau. Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma Bi Mahfoudha, jinsi atakavyokuja kuniomba radhi.

Lakini leo nimegeuza jani la bamia. Chini yake, vidudu! Vidogo kama ufuta, vya kijani, vimebanana kama watu kwenye foleni ya mafuta ya taa, vyote vimechomeka midomo na vinafyonza. Majani yamejikunja. Ukiyashika yanata.

Nimechukua kiti nikakaa kuchunguza kama daktari. Nimeona wageni wawili wanaokwenda na kurudi kwenye mashina hayo. Kwanza sisimizi. Wanapanda kwa mstari, wanawagusa gusa wale vidudu wa kijani, wanashuka. Pili, vidudu vya duara, vyekundu, vyenye madoa meusi mgongoni, vinazurura ovyo kwenye majani.

Hukumu yangu ni hii. Sisimizi ni askari. Wana nidhamu, wanakagua, bila shaka wanawakamata wale wa kijani na kuwahoji. Wale wekundu ndio wazazi wa balaa lote. Mdudu mwenye nia njema hatajipamba hivyo.

Kesho naanza kazi. Askari nitawalisha. Wekundu nitawakamata.

Alhamisi, 4 Mei

Nimewayeyushia sisimizi sukari guru nikaimwaga shinani. Wamefurahi mno. Wameitana.

Wekundu nimewakusanya mmoja mmoja katika kopo la maziwa ya unga. Kazi ya mchana kutwa. Mgongo unaniuma. Duka limefungwa. Nimewamaliza wote, wallahi, hakubaki hata mmoja wa mbegu.

Kuwaua nilisita. Ni viumbe. Tena nikakumbuka kwamba kabichi za Nicanor nazo zimeanza kuwa na vidudu vya kijani, hata Philister alilalamika kisimani. Nicanor alikuwa bandarini. Philister alikuwa kanisani kwenye mkutano wa kina mama. Nikasogea kwenye ua, nikafungua kopo, nikamimina.

Sikufanya ubaya. Nimewahamisha tu. Na kama Bi Mahfoudha akipita tena, asione kabichi zile akaanza kulinganisha.

Jumatatu, 8 Mei

Sielewi.

Askari wangu wameongezeka mara kumi. Wamejenga hadi shinani. Na vidudu vya kijani navyo vimeongezeka mara mia, vimepanda mpaka kwenye maua! Ni askari gani hawa? Nimewaongezea sukari guru, huenda mgao ulikuwa mdogo.

Juu ya hayo majani yamekuwa meusi, kama yamepakwa masizi. Nikatambua mara moja. Moshi wa jikoni! Nikamwambia Kuluthum kuni zake zinaharibu mboga za arusi ya mwanawe, ahamishe meko upande wa pili wa nyumba. Akauliza lini. Nikasema sasa hivi. Akazima moto, akakunja mikono, akasema basi leo hakuna meko upande wowote.

Nimekula mkate na chai ya mkandaa, bila maziwa, tena baridi.

Nimepanda juu ya kasha nikachungulia kwa jirani. Kabichi zake zinang'aa! Hakuna kidudu cha kijani hata kimoja! Wekundu wangu wamejaa tele, wamenenepa, wanatembea kwa raha kama wenye nyumba. Bila shaka Nicanor ana dawa ya siri aliyoitoa melini. Wekundu wamenusurika vipi na dawa hiyo, sijui, lakini watu wa bandarini wana ujanja wao.

Ijumaa, 12 Mei

Nimetengeneza dawa yangu mwenyewe. Sabuni ya mche, tumbaku, pilipili za mpilipili mgonjwa, na mafuta ya taa kwa wingi ili ifanye kazi upesi. Nikaijaza kwenye bomba la kupulizia mbu.

Nilisahau kwamba upepo wa kusi umeanza kuvuma.

Nusu ilikwenda kwenye bamia. Nusu ilirudi machoni pangu. Iliyobaki ilivuka uwanja ikatua kwenye kamba ya nguo, ambako Kuluthum alikuwa ameanika leso mpya za arusi. Nilizunguka kisima mara kadhaa nikiita maji, na kisima kiko mbele yangu. Hatimaye Alawiya alitoka akanishika mkono, akaninawisha uso kama mtoto.

Aliponusa leso zake hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba," akasema, "hata wakila wali mtupu nitaolewa vile vile. Lakini nakwenda kuishi nyumba moja na Bi Mahfoudha. Maneno yako ndiyo nitakayosimangwa nayo, si wewe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema kila nikimwambia hivyo ndipo wasiwasi wake huanza.

Jioni majani ya bamia yamekauka na kuwa kahawia. Vidudu vya kijani vimehamia kwenye mabiringani.

Jumapili, 14 Mei

Kuluthum amemwita Bwana Shamba bila kunishauri. Bwana Thoya, mtu wa Kilifi, ana baiskeli na kofia ya jua. Alikagua tuta moja baada ya jingine, akiguna. Nilimfuata nyuma nikimweleza kuhusu moshi wa jikoni.

Akageuza jani. Akasema vidudu vya kijani vinaitwa vidukari, vinafyonza utomvu na kutoa kitu kitamu kama asali. Huo utamu ndio unaonata, na juu yake ndipo unapoota ule ukungu mweusi. Moshi hauhusiki. Kuluthum alikohoa.

Akasema sisimizi hula huo utamu. Kwa hivyo huwalinda vidukari na kuwafukuza maadui zao, kama mchungaji na mbuzi wake. Akachutama, akanusa udongo, akauliza ni nani aliyemwaga sukari guru hapa.

Nikatazama minazi.

"Lakini Mungu ameweka dawa yake," akaendelea. "Kuna mdudu wa duara, mwekundu, ana madoa meusi. Huyo chakula chake ni vidukari tu. Mahali penye vidukari wengi hivi lazima awepo. Ajabu, hapa simwoni hata mmoja. Hukuwaona, mzee?"

"Wa duara?" nikauliza.

"Wa duara."

"Wekundu?"

"Wekundu."

Nikasema macho yangu hayajapona sawasawa tangu Ijumaa.

Hapo Nicanor, aliyekuwa akisikiliza juu ya ua, akadakia kwamba kwake wapo tele. Walitokea siku moja tu, wengi, kama wameletwa. Philister alitoa shukrani kanisani. Bwana Thoya akampongeza, akamwambia asipulize dawa yoyote, awaache wafanye kazi.

Namlaumu sana yule mdudu. Kama ni rafiki, kwa nini avae rangi ya hatari?

Jumatano, 17 Mei

Vile vidudu ni vyangu. Vilizaliwa kwangu. Kwenda kuvichukua si wizi.

Nilingoja Nicanor aende kazini, nikapenya kwenye ua na kibiriti kitupu mfukoni. Nimeshakamata kiasi, nimeinama katikati ya kabichi, mara nyuma yangu:

"Shikamoo mzee. Umepoteza nini?"

Philister.

"Kuku," nikasema.

"Kuku gani?"

"Mweupe."

Ningesema chochote kingine duniani! Mwanamke huyu ana moyo mwema kupita kiasi. Alivua ndara, akaingia kwenye kabichi kunisaidia. Alipoona hatumpati akatoka njiani, akaita majirani. Muda si muda mtaa mzima unamtafuta kuku mweupe wa Mzee Obeid. Watu wamepanda mapaa. Watu wamelala kifudifudi wanachungulia chini ya maghala. Na mimi ilibidi niite "kuku, kuku, kuku" kwa sauti, kwa kuwa wote walikuwa wananitazama.

Kisha wakampata. Kuku mweupe, mnene, wakanikabidhi mikononi kwa shangwe. Nikashukuru. Ningefanyaje?

Mwenyewe akatokea. Mama Nyevu, wa nyumba ya mwisho, na mwiko mkononi. Akauliza tangu lini kuku wake amekuwa wangu. Nikaanza kueleza, na hapo kibiriti kikafunguka mfukoni. Vidudu vikapanda ndani ya kanzu. Nilijikuna na kuruka ruka na kuku nimemkumbatia mbele ya watu wote, na Mama Nyevu akasema tazameni, hata kuku mwenyewe anaona haya.

Nimefika nyumbani na vidudu viwili. Nimeviweka kwenye biringani. Sisimizi wamevifukuza.

Jumamosi, 20 Mei

Mama Nyevu haniamkui.

Jumapili, 28 Mei

Iddi imepita. Bamia zimekuwa njiti. Kabichi zangu zilikufa zikiwa na ukubwa wa kikombe. Nyanya zimetobolewa na viwavi. Mabiringani yapo saba, kila moja lina tundu, na kila tundu lina mwenyeji wake.

Na leo Bi Mahfoudha ametuma salamu. Alhamisi anakuja "kulitazama shamba la mkwe." Alawiya aliposikia alikwenda chumbani akafunga mlango. Kuluthum asema twende tukamwambie kweli, mwanamke mwenzake ataelewa. Hapana! Nina siku za kutosha, na sasa nina mpango. Mpango safi, hauna bomba wala kopo.

Kati ya shamba langu na la Nicanor kuna nini? Ua wa makuti. Makuti yameoza. Nikamwendea Nicanor, nikamwambia kama jirani mwema kwamba nitaubomoa ua na kuusuka upya, kazi na makuti juu yangu. Akasema vizuri, lakini ua ule alisuka yeye mwenyewe mwaka jana.

Nimeubomoa jioni hii.

Alhamisi, 1 Juni

Naandika haya nikiwa bado na joto la uso.

Bi Mahfoudha alikuja na mwanawe Yeslam, bwana arusi. Niliwapitisha upande wa pili wa nyumba haraka, njiti za bamia tukazipa kisogo. Bila ua shamba lilionekana moja, kubwa, la kijani hadi kwenye migomba ya mbali. Kabichi, bamia nene, mabiringani yanang'aa kama viatu vya askari. Nikatupa mkono wangu mbele, mkono mpana. Sikusema ni za nani. Mkono tu ndio uliosema.

"Mashallah," akasema Bi Mahfoudha.

Nilijiona nimefika. Na wakati huo huo nani anakuja kwa njia ya kisimani, ametoka kazini mapema, mabuti miguuni? Nicanor. Akaamkua. Akainama akang'oa magugu mawili kama afanyavyo kila siku.

"We baba," Bi Mahfoudha akamwambia, "wewe ndiye mtumishi wa shamba? Nikatie kabichi moja nikamwonyeshe mume wangu."

Nicanor alinyooka. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Alingoja tu.

"Mwenyewe anasemaje?" akauliza.

Nilijifanya napangusa vumbi kwenye kanzu. Philister alikuwa amesimama mlangoni pake, ameshika ungo. Kuluthum alikuwa ameshika kichwa. Basi likatoka neno dirishani kwangu, sauti ya Alawiya, ambaye sasa, kwa kuwa ni mwari wa kuolewa, hatoki nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kabichi hizo ni za Bwana Nicanor, huyo hapo. Si mtumishi wa mtu, ni jirani yetu. Za baba ni zile njiti nyuma yako."

Bi Mahfoudha akageuka. Akazitazama njiti. Yeslam naye akazitazama. Nilitamani mmoja wa wale viwavi wa Aprili anikate shinani.

"Mkwe wangu," akasema Bi Mahfoudha polepole, "mimi nimejua tangu nilipoingia, na mkeo alikwisha niambia Aprili kabichi ni za nani. Mwenye shamba akikutembeza hutazama mboga zake. Wewe ulikuwa ukitazama njia."

Kisha akamgeukia Nicanor. "Niwie radhi, baba. Nimekuita usivyo."

"Hakuna neno, mama," akasema Nicanor.

Hapo Philister akauliza walima ni wa watu wangapi. Bi Mahfoudha akamwambia. Philister akasema mboga zitatosha na kubaki, na kwamba yeye angeona aibu mtoto wa jirani aolewe bila yeye kutoa hata jani. Alawiya, akasema, ndiye aliyekaa na mtoto wake alipolazwa na homa. Mimi sikujua hata habari hiyo.

"Nina sharti moja tu," Nicanor akasema. "Mzee anirudishie ua wangu."

Alicheka wa kwanza Yeslam. Halafu wote. Kuluthum alijiziba kinywa kwa leso mpaka machozi yakamtoka. Bi Mahfoudha aliposogea dirishani alimwambia Alawiya kwamba nyumba yake imejaa watu wa kumwambia anayotaka kusikia, na kwamba muda mrefu alikuwa akitafuta mmoja asiye hivyo. Nikasikia binti yangu akicheka ndani, kicheko ambacho sijakisikia tangu Aprili.

Nimefikiri sana juu ya mambo ya leo. Kwa kweli mpango ulifanikiwa. Nilisema mboga zitatoka hapa hapa. Hapa ni wapi? Ua haukuwepo.

Jumapili, 11 Juni

Tumeozesha! Nikahi ilisomwa asubuhi. Wali wa biriani, mchuzi wa biringani, bamia, kachumbari ya nyanya na kabichi. Watu wa kisiwani wakala hadi wakalegeza mishipi. Nicanor aliketi na wanaume mkekani, koti jeupe, na kila aliyesifia mboga alielekezwa kwake. Aliulizwa siri yake. Akasema ni vidudu vyekundu alivyotumiwa na Mungu.

Hilo sikuweza kulivumilia. Nikamvuta kando nikamwambia kwamba kwa haki ya Mwenyezi Mungu aliyemtumia ni mimi. Nilivikusanya kwa mikono yangu, nikavimimina kwake kwa kopo.

Alinitazama. "Ulinipa kwa nini?"

Nikasema ujirani.

Akacheka akashika nguzo. Kisha akanipa mkono akasema asante, na akarudi mkekani. Niliona anamweleza Thoya. Thoya naye akashika nguzo. Sijui kuna nini cha kuchekesha katika ukarimu.

Alawiya alipokuja kuniaga alinibusu mkono. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazito ya baba. Badala yake nikamwambia akienda sokoni ayageuze mabiringani, aangalie matundu. Akasema, "Abee, baba," akaegemeza kichwa chake begani kwangu. Marashi yote ya dunia, na leso yake bado ilinuka mafuta ya taa kwa mbali.

Nyumba ni kimya. Kuluthum amelala mapema. Nimesuka makuti mawili ya ua wa Nicanor, kisha nimeyafumua, yamepinda.

Jumapili, 9 Julai

Nimeingia kwenye maboga. Boga lina ngozi ngumu, halidhuriki. Mimea imetambaa mpaka kisimani, maua ya manjano yamefunguka mengi ajabu. Bi Mahfoudha nimeshamtumia salamu kwamba maboga ya mwezi wa Ramadhani asisumbuke kuyatafuta mwakani.

Lakini leo nimekaa na kiti changu kuchunguza, maana mimi sasa ni mtu mwenye uzoefu wa wadudu. Nimegundua wizi. Nyuki! Mchana kweupe wanaingia ndani ya ua, wanajigaragaza, wanatoka na unga wa manjano miguuni, wamebeba mali yangu. Wanatoka ua hili wanaingia jingine. Hawaachi hata moja. Kwa mwendo huu boga litapata wapi nguvu ya kuota?

Mdudu wa kula majani nimemwona, mdudu wa kufyonza nimemwona, huyu ni mdudu wa kupora. Hakuna haja ya kumsumbua Bwana Thoya. Nimechukua mabaki ya bafta dukani, nikashona vifuko vidogo, nikalivisha kila ua kifuko na kukifunga kwa uzi. Kazi nadhifu. Hakuna nyuki aliyeingia tangu adhuhuri. Wanazunguka tu, wamechanganyikiwa.

Kuluthum alitoka, akaviona, akarudi ndani.

Nicanor naye amepanda maboga. Yake ameyaacha wazi, nyuki wanaingia na kutoka kama sokoni, na yeye anapita akiimba. Nilitaka kumwonya. Halafu nikaamua nimwache tu, ayaone mwenyewe wakati wa kuvuna.